Newala walimuuliza mwanangu mjomba wake ni nani

Nilifika Newala Februari 2012 na mabegi mawili, godoro la futi tatu na nusu na mtoto wa miaka minne. Ajira mpya ya ualimu. Kabla sijatoka Rombo kila niliyemwambia nimepangiwa Mtwara alinipa pole kama nimefiwa, Kusini tena jamani, huko mbali hivyo, huko utaishi na nani. Na kweli safari ilikuwa ndefu, Rombo mpaka Dar siku nzima, unalala, kesho yake alfajiri unapanda basi la Kusini, na kile kipande cha Ndundu hadi Somanga lami ilikuwa haijakamilika, mvua ikinyesha mnashuka kwenye matope mnangoja basi linasuliwe. Ila daraja la Mkapa pale Rufiji lilikuwepo tangu 2003, waliotutangulia kabla ya hapo walikuwa wanasubiri kivuko, na mto ukijaa ndo mnakaa hapo hapo.

Nilipanga vyumba viwili karibu na shule. Jioni ya siku ya pili bibi wa nyumba ya jirani akaja na ndoo ya maji kichwani, imejaa, akaitua mlangoni kwangu. Sikujua bado ndoo ya maji Newala maana yake nini. Mji uko juu kwenye uwanda wa Makonde, maji yako chini bondeni, watu wanakinga mvua kwenye mabati inaingia kwenye visima vya saruji walivyochimba uani, na kiangazi kikikolea maji yananunuliwa dumu kwa dumu. Mtu akikuletea ndoo hujamuomba huwezi kusema amekuletea maji tu. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." Akakaa kwenye kizingiti, akamtazama mtoto muda mrefu, akauliza:

"Huyu ntoto, njomba wake nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali jingine kabisa. Nilikuwa nimeshapanga na jibu lake njiani kwenye basi.

Naomba nieleze hapa taratibu maana ndo kiini cha yote ninayotaka kusema. Mimi ni Mchaga wa Rombo. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba, kihamba, yaani shamba la ukoo, kinatoka kwa baba kinaenda kwa mtoto wa kiume, na ukifa unarudishwa kuzikwa kihambani, ndo maana Desemba unaona watu wanapanda mlima kama siafu, kila mtu anarudi kwao na kwao maana yake kwa baba. Mwanangu nilimzaa kabla ya ndoa na ndoa haikuja. Sasa kwa mpangilio ule mtoto kama huyo anaishi vizuri tu, bibi yake anampenda, wajomba wanamnunulia viatu, hakuna anayemtenga, lakini kila sherehe, kila kikao cha ukoo, kila mgeni anayepita anauliza lile lile, huyu baba yake nani, na ukishajibu kunakuwa na kimya kidogo. Kile kimya mtoto anakua nacho. Nilishaanza kumuona akikisikia akiwa na miaka mitatu, anaacha kucheza ananitazama usoni.

Newala hakuna aliyeuliza baba yake nani. Sio kwa adabu, sio kwamba walikuwa wananihurumia. Ni kwamba halikuwa swali la kwanza kichwani mwao. Wamakonde, kama walivyo Wayao na Wamakua na Wamwera wa kule Lindi, kwa mila yao ya tangu zamani ukoo unafuata mama. Mtoto anaingia duniani akiwa tayari ana kwao kwa sababu ana mama, na mwanaume mwenye kauli juu yake ni kaka wa mama. Na desturi ya zamani ni kwamba mwanaume akioa ndiye anayehamia kwa kina mke. Kwa hiyo yule bibi alipomtazama mwanangu hakuona mtoto aliyepungukiwa baba. Aliona mtoto aliyepungukiwa mjomba, na hilo kwake lilikuwa jambo linalorekebishika.

Nikamjibu, wajomba zake wapo bibi, wako Rombo. Akasema, "Rombo mbali. Wa hapa?" Nikanyamaza. Akasema basi kesho nitakuja na kaka yangu, na kesho yake saa kumi jioni akaja naye kweli, mzee wa makamo, fundi wa kuezeka, akampa mtoto mkono, akamwambia mimi njomba wako, ukipigwa unakuja kwangu, ukikosea pia unaletwa kwangu. Ikawa imeisha. Hakuna sherehe, hakuna karatasi. Na kwa kuwa kaka yake amekuwa mjomba wa mwanangu, hesabu ilijipanga yenyewe, mimi nikawa dada yake huyo mzee, na kwa umri nikawa mtoto wa yule bibi, hesabu haikukaa sawasawa ukiifuata kwa kalamu lakini hakuna aliyeifuata kwa kalamu. Tangu siku ile namwita mama.

Hii habari ya kupata familia ugenini huwa inazungumzwa kwa namna moja, kwamba binadamu wote ni wamoja, tofauti za mila ni za juu juu, ukiwa mtu mzuri utapendwa popote. Mi sikubaliani. Nimeishi huku miaka mingi sasa na ninachokiona ni kinyume chake. Nimepata ndugu Newala kwa sababu Wamakonde sio sawa na Wachaga. Wangekuwa sawa wangeniuliza lile lile swali la kwetu, na mimi na mwanangu tungekaa kwenye lile lile pengo letu, ila mbali zaidi na nyumbani. Kila kabila lina namna yake ya kupanga nani ni nani, na kila mpangilio una watu wanaokaa vizuri na una watu wanaobaki kama wamesimama mlangoni. Ukibahatika unahamia mahali ambapo mpangilio wao una kiti pale pale ambapo wa kwenu hauna. Wahenga walisema undugu ni kufaana si kufanana na tunautamka huu msemo kila siku kwenye misiba na harusi bila kuusikiliza, sikiliza nusu ya mwisho, si kufanana. Mama yangu wa Newala alinifaa kwa sababu hakufanana na mimi.

Na ndio maana huwa naumia nikisikia mtu Dar anaigiza lafudhi ya Kimakonde kwenye vichekesho, njomba sijui njomba nini, watu wanakufa kwa kicheko. Lile neno ni zito. Kwa mtu wa hapa kukuita njomba ni kukwambia wewe ni mtu wa upande wa mama yangu, upande ambao ndo mimi natokea. Mtoto mdogo barabarani anamwita mtu mzima asiyemjua njomba anampa cheo kikubwa kuliko vyote alivyo navyo.

Sasa nafasi sio zawadi, hapo ndo wageni wengi tunapokosea. Nafasi ina kazi. Mwaka wa kwanza mi nilidhani nimepata watu wa kunisaidia, mtoto anabaki kwa mama nikiwa kazini, nikirudi nakuta ameshakula, ameshiba ming'oko, vile viazi vya porini vya huku, na chai, nashukuru naondoka. Kumbe nilikuwa nahesabiwa. Sio kwa ubaya, nahesabiwa kama anavyohesabiwa mtoto wa nyumba yoyote. Msimu wa kuokota korosho ulipofika mama akanitumia mjukuu wake Jumamosi asubuhi, unaitwa shambani. Nikasema nina madaftari ya kusahihisha. Akarudi yule mjukuu, bibi anasema madaftari hayaozi. Nikaenda. Tuliokota mpaka saa saba, unainama chini ya mkorosho unatenganisha korosho na bibo lake, utomvu unakuganda kwenye vidole, harufu ya mabibo yaliyoanza kuchacha kichwa kinauma, na wanawake wenzangu wakawa wananielekeza na kunigombeza kwa usawa. Jioni mgongo haunyooki. Lakini kuanzia wiki ile nikaanza kupewa taarifa, yaani nani anaumwa, nani ameachika, kikao cha mazishi saa ngapi. Kabla ya hapo nilikuwa naambiwa mambo yakishapita.

Halafu Septemba 2014 baba yangu akafariki Rombo. Simu imeingia saa mbili usiku. Nilipiga ukelele mmoja tu, sikumbuki zaidi, na kabla sijajua nifanye nini uani kwangu kumeshatandikwa mikeka na kuna wanawake wamekaa wamejifunga kanga kichwani. Waislamu karibu wote, mimi Mkatoliki, marehemu yuko zaidi ya kilomita elfu moja na hawajawahi kumuona hata kwa picha. Wamekaa. Septemba ni mwezi mbaya Newala, korosho bado hazijauzwa, hela imekauka kila nyumba, na maji ya kwenye visima yameshuka unakwangua chini. Asubuhi mjomba wa mwanangu akanikabidhi daftari la rambirambi, daftari la shule la kurasa arobaini, ninalo mpaka leo. Ukurasa wa kwanza umeandikwa hivi, kwa mwandiko wa kijana mmoja wa darasa la saba niliyekuwa namfundisha, ndoo 1 maji, ndoo 1 maji, 500, unga kibaba 2, ndoo nusu, 1000, mbaazi, kuni mzigo 1, ndoo 1 maji, 200. Na jina mbele ya kila kitu. Ndoo nusu. Kuna mtu alikuwa na ndoo moja ndani mwake, akagawanya.

Kulikuwa na Mpare mmoja, mtumishi wa halmashauri, na Wapare na Wachaga ni watani, basi yule kaka akaja asubuhi ile akajilaza mlangoni akasema maiti haitoki mpaka alipwe deni lake. Wenyeji walistuka. Mjomba akawa anataka kumtoa. Nikacheka kwa mara ya kwanza tangu simu ile, nikawaeleza huyu ni mtani wangu anafanya kazi yake, na mama akasema kumbe na nyie mnao. Utani ni kitu cha ajabu ukikifikiria, wengi walioko kwenye utani leo babu zao walipigana vita, Wangoni na Wahehe walimwagana damu karne ya 19 na leo wanatukanana misibani na kuzikana. Pale uani kwangu basi kulikuwa na namna mbili za kumfanya mtu baki awe mtu wako, ya utani na ya mjomba, na zote mbili zinaanza kwa kukubali kwamba huyu sio mimi.

Nilisafiri nikamzika baba kihambani chini ya migomba. Kaka zangu walinipokea vizuri. Niliporudi Newala baada ya wiki mbili nikakuta mkeka umetandikwa tena, wakakaa na mimi upya, maana walisema nilipoondoka sikuwa nimelia nao.

Ukitaka kujua kama una jamii mahali ulipo usiulize wangapi wanakusalimia. Uliza ukifiwa saa mbili usiku nani anatandika mkeka, na la pili, wakifiwa wao nani anakuja kukugongea wewe. Kuna watumishi wenzangu wamekaa hapa miaka nane, watu wazuri, wastaarabu, wanachanga hela nyingi kuliko mimi, lakini wakati wote wanasubiri uhamisho, kila maongezi ni nikihama nikihama, na wenyeji hawana shida nao, wanawaitikia salamu, wanawaacha wapite. Wakati wa gesi na kiwanda cha saruji Mtwara mjini ilijaa watu wa namna hiyo, hela ilikuwepo, nyumba za kupanga zikapanda bei, na wengi waliondoka hawajui jina la mama mwenye nyumba zaidi ya mama mwenye nyumba.

Kuna kesi ngumu zaidi na siwezi kuiruka. Mwaka 2006 na kuendelea wafugaji walipoondolewa Ihefu na bonde la Usangu kule Mbeya wengi walielekezwa huku Kusini, Lindi hasa, Kilwa, Nachingwea, Liwale. Wasukuma na Wamang'ati na ng'ombe zao, wanaingia kwa Wamwera na Wangindo ambao wengi hawakuwa na historia ya kufuga ng'ombe kabisa. Ugomvi wa mashamba na malisho unaujua kila mtu wa Lindi. Huwa nasikia watu wanasema tatizo ni tofauti za mila. Mi naona hapana, au sio zote. Mimi nilikuja mmoja na mtoto, nimepungukiwa, nina pengo linaloonekana kwa macho, bibi akaliona akaliziba. Mfugaji anakuja na ukoo mzima umekamilika, ana baba, ana babu, ana wake, ana vijana wa kuchunga, mpangilio wake haujakatika popote, hahitaji mjomba wa Kimwera na Mmwera hana pa kumshikia. Kitu pekee kilichopo kati yao ni ardhi, na ardhi haigawanyiki kama maji ya ndoo. Na waliwekwa pale kwa amri ya juu, hakuna aliyekuja jioni akakaa kizingitini. Ninachojua ni kwamba pale ambapo mahusiano yamepoa kidogo, ukichunguza utakuta yalianzia kwa wanawake, mama wa Kisukuma anauza maziwa kila asubuhi nyumba zile zile mpaka siku anaumwa anaulizwa mbona hujapita jana.

Kusini hii yenyewe imejengwa na watu waliopungukiwa. Masasi pale mwaka 1876 wamisionari wa Kianglikana wa UMCA chini ya Askofu Edward Steere walileta kundi la watu waliokombolewa utumwani, wametoka Zanzibar, watu wa makabila mbalimbali ambao koo zao zilikatwa na misafara ya watumwa, hawajui mama yuko wapi, hawajui mjomba nani. Wakaanza kijiji. Miaka sita baadaye, 1882, wakavamiwa na Wangoni wakatawanyika, baadhi wakaja huku huku Newala, wakaanza tena. Watu hao leo hawapo kama kabila la peke yao, wameshaingia ndani ya nyumba za watu, wamekuwa ndugu. Halafu Septemba 1964 vita vya ukombozi vikaanza Msumbiji na watu wakavuka Ruvuma kwa maelfu kuja upande huu. Ukisimama pale Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda, unaliona bonde la Ruvuma na ng'ambo ya mto ni Msumbiji, na wazee wanakuonyesha kwa kidole njia walizopandia. Walipokelewa na nani? Na wanaotaja mama za mama zao mpaka wakutane jina. Mpaka waliuchora Wajerumani na Wareno lakini majina ya mama yalikuwa yamevuka mto siku nyingi.

Tena hao hao Wamakonde walivyokwenda ugenini walionja upande wa pili. Wale wa Kwale, Kenya, ambao wazee wao walikwenda kufanya kazi kwenye mashamba makubwa enzi za ukoloni, walikaa vizazi na vizazi wakiwa na majirani, wanaoana, wanazikana na wenyeji, na hawana kitambulisho cha nchi yoyote. Oktoba 2016 wakafunga safari kwa miguu kwenda Nairobi mpaka kwa rais, na 2017 wakatambuliwa kama kabila la 43 la Kenya. Nataja hili kwa sababu kuna watu wakisoma maneno yangu watadhani nasema mkeka unatosha. Hautoshi. Mtoto anaweza kuwa na mjomba kila nyumba na bado asiandikishwe kidato cha kwanza kwa kukosa karatasi. Mimi nilikuja na barua ya ajira mfukoni, ile nguvu nilikuwa nayo tangu siku ya kwanza na sio kila mgeni anayo.

Na huku kwenyewe sio kwamba kila kitu nimekimeza. Mimi ni mwalimu. Kuna kipindi cha unyago na jando darasa linapungua, mtoto anarudi ameshaanza kujiona mtu mzima na baadhi ya wasichana ndo tunawapotezea hapo. Mwaka wangu wa pili nilisimama kwenye kikao cha wazazi nikasema kwa ukali, mila hizi zinawaharibia watoto, mnacheza ngoma wenzenu wanasoma. Ukumbi ukanyamaza. Wiki nzima watu wananisalimia wakiwa wanatazama pembeni. Mama hakunigombeza siku ile, alisubiri, siku ya tatu tukiwa tunapepeta unga akasema, "Pale uliongea kama serikali. Wewe ntoto wangu, njoo useme kama ntoto wangu." Nikamuuliza tofauti ni nini. Akasema serikali ikisema tunaitikia halafu tunafanya tunavyotaka, mtoto akisema inabidi tumjibu.

Basi nikarudi kwa njia hiyo. Nilikwenda kwa wakina mama wenye kauli, kwa nyakanga mwenyewe, yule kungwi mkuu wa unyago, nikakaa chini, nikasema mimi ni mtoto wa fulani na nina wasiwasi na wadogo zangu. Tulibishana sana. Hawakukubali yote na mimi sikukubali yote. Ila mwaka uliofuata sherehe za mtaa wetu zilisubiri shule zifunge, na kuna mambo mawili matatu ambayo mafundisho ya wasichana wadogo waliyaacha kwa wakubwa. Ndugu ana haki ya kukupinga na mgeni hana, mgeni anavumiliwa tu. Wengi wetu tunaoishi kwenye mila za wenzetu tunaona tuna njia mbili, kusifia kila kitu au kulaani kila kitu, na zote mbili ni za mtu aliyekaa nje. Wanasema ukienda kwa wenye chongo fumba lako jicho, mi mama hakutaka nifumbe, alitaka niangalie nikiwa nimekaa ndani.

Wala mpangilio wa upande wa mama sio pepo. Wanaume huku wana maumivu yao, mtu anamlea mtoto wake wa kumzaa anamsomesha halafu kauli ya mwisho iko kwa shemeji yake, na ilipokuja mikorosho mambo yakawa magumu zaidi maana mkorosho unaupanda leo unakula miaka thelathini, na mwanaume aliyepanda anataka umfae mtoto wake sio mtoto wa dada. Dini nazo na sheria za nchi zimeingia hapo, leo ukitembea nyumba kumi utakuta taratibu za urithi tofauti tofauti. Na mwanamke kuwa mwenye ukoo hakujamwondolea ndoo kichwani. Nayaona haya yote. Kihamba cha baba yangu kina watu kimewatunza vizuri na kina watu kimewaacha nje, mkeka wa mama yangu wa huku vile vile.

Vile vinyago vya mpingo vya Kimakonde wanavyoviita ujamaa, watu wamepandana mmoja juu ya mwingine kwenye gogo moja, kila duka la watalii wanauza. Fundi mmoja alinionyesha jinsi ya kuvitazama. Nilikuwa naangalia nyuso, akasema acha nyuso, tazama mikono. Hakuna wawili waliokaa sawa. Huyu kashika kiuno, yule kakanyaga bega, mwingine kainama amebeba miguu ya watatu, na kila mmoja umbo lake limetokana na alichoshika. Ukiwafanya wafanane, alisema, kazi inaanguka.

Mwanangu aliingia jando likizo ya Desemba 2018 akiwa na miaka kumi. Mjomba ndiye aliyempeleka, mimi nilibaki nyumbani kama mama zote, nikipika chakula cha kupeleka nisichoruhusiwa kukifikisha mwenyewe, na nilipata homa ya wasiwasi. Nilihakikisha tohara inafanywa na mganga wa zahanati, hilo nililisimamia na mjomba aliniunga mkono. Alipotoka amevaa nguo mpya, amepakwa mafuta, akapita mbele ya watu, wakina mama wakapiga vigelegele, na mama yangu akacheza mpaka akavua viatu.

Mama alitutoka mwaka juzi. Safari hii mimi ndo niliyetandika mikeka, na daftari nililishika mimi, na kila aliyeandika ndoo mwaka ule wa baba yangu nilikuwa nimeshamrudishia kwa namna moja au nyingine, isipokuwa mmoja, yule wa ndoo nusu, alikuwa ameshatangulia mbele za haki kabla sijapata zamu.

Mwaka huu mtoto amepangiwa kidato cha tano, mbali, mkoa mwingine. Fomu zikaja. Kuna mahali pameandikwa jina na saini ya baba au mlezi. Nikamwambia nitasaini mimi, akasema hapana mama, akachukua baiskeli akaenda nayo kwa mjomba, nikamfuata kwa miguu. Mzee macho yameshapungua nguvu. Akauliza hapa pameandikwaje, mtoto akamsomea, baba au mlezi. Akasema, "Mi sio baba yako. Na mlezi ni ntu yeyote. Andika njomba." Mtoto akanitazama, fomu ya serikali, unaruhusiwa kuandika pembeni au huruhusiwi, nikamwambia andika. Akaandika mjomba juu ya ile mistari kwa herufi kubwa, mzee akabonyeza dole gumba kwenye wino akaligandamiza chini yake, kwa nguvu kweli, mpaka karatasi ikatoboka kidogo.